Hayo ni maneno ya msibani

Mvule wa pale kwetu ulikatwa nikiwa darasa la sita. Ulikuwa nyuma ya kanisa, kwenye mteremko unaoshuka mtoni, na hakuna mzee aliyeweza kusema ulianza lini. Watoto watano tukishikana mikono kuuzunguka, mkono wa mwisho haukufika. Jioni popo walikuja kula matunda yake. Asubuhi hondohondo walipiga makelele kileleni hadi mwalimu wa kwaya anyamaze awangoje wamalize. Siku ya kuukata walikuja vijana na chensoo mbili, wakaanza saa mbili, na saa tisa alasiri ulikuwa bado umesimama. Kisha ukaanza kulia. Mti mkubwa hulia kabla ya kuanguka, mlio mrefu kama wa mlango wenye bawaba kavu, na watu wote waliokuja kutazama wakarudi nyuma kwa pamoja. Ardhi ikatikisika. Ninachokikumbuka zaidi ni kimya kilichofuata, na ndege wakizunguka angani pale palipokuwa kilele, wakizunguka tu, hawajui watue wapi.

Aliyeununua alikuwa mfanyabiashara wa mbao, tajiri kupita wote pale kijijini. Alikuwa na malori mawili, na nyumba ya ghorofa ya kwanza tuliyowahi kuiona kwa karibu. Baba yangu, fundi seremala, ndiye aliyemtengenezea milango ya nyumba hiyo. Milango 14, akalipwa mitano. Baba alidai mwaka mzima, halafu siku moja akaacha kudai na hakulizungumza tena.

Nikiwa kidato cha tatu yule tajiri akaanguka. Lori moja lilipinduka, la pili likauzwa kulipa deni, ikafuata nyumba, ukafuata ugonjwa. Habari za kifo chake zilitufikia jioni tukiwa tunangoja chakula. Nikainuka, nikachukua Biblia ya baba, nikafungua Isaya 14 na kusoma kwa sauti ya mhubiri wa mkutano wa injili: "Jinsi ulivyoanguka kutoka mbinguni, Ewe nyota ya alfajiri, mwana wa asubuhi!" Wadogo zangu wakacheka. Baba alikuwa anavua viatu, maranda bado yamemganda kwenye nywele. Hakuinua kichwa.

"Soma taratibu, mama," akaniambia. "Hayo ni maneno ya msibani."

Nilidhani ananikanya kwa ajili ya adabu tu, kwamba marehemu hasemwi vibaya. Ilinichukua zaidi ya miaka 20, na miaka miwili ya kusoma Kiebrania jioni baada ya kazi, kugundua kwamba fundi seremala aliyeishia darasa la saba alikuwa ameisoma ile sura sawasawa kuliko wahubiri wote niliowahi kuwasikia.

Nianze na neno lenyewe. "Jinsi" ya mstari ule kwa Kiebrania ni eikh. Ndugu yake, eikha, ndiye anayefungua kitabu cha Maombolezo: jinsi mji ukaavyo ukiwa, mji uliokuwa umejaa watu. Ni neno la mtu aliyesimama mbele ya maiti na bado haamini. Hata "ole", ambayo manabii hawachoki kuirudia, sisi huisikia kama tishio, kidole kimenyooshwa: ole wako! Kwa Kiebrania ni hoy, na hoy ilikuwa sauti ya kilio cha matanga. Katika 1 Wafalme 13 nabii mzee anamzika mwenzake ndani ya kaburi aliloliandaa kwa ajili yake mwenyewe, na watu wanamlilia: hoy, ndugu yangu. Kwa hiyo nabii anapowaita wafalme na matajiri kwa hoy, anawalilia wangali hai. Wako mezani wanakula, na nje wanasikia jeneza lao likipita.

Kulikuwa pia na wimbo maalumu wa kulilia wafu, qina. (Sikio la Mswahili litasikia "kina", ile ya vina na mizani, lakini huko ni kufanana kwa sauti tu.) Mizani yake inachechemea: kipande cha kwanza mapigo matatu, cha pili mawili, kama mtu anayeanza kusema akaishiwa pumzi. Walioimba hasa walikuwa wanawake. Yeremia 9 inaagiza waitwe wanawake waombolezaji, mafundi wa kazi hiyo. Manabii waliuchukua wimbo huo wa akina mama, uliotungwa kwa ajili ya mtoto wa jirani au mume aliyeanguka vitani, wakauimba juu ya madola makubwa kuliko yote waliyoyajua. Ashuru. Misri. Tiro. Babeli.

Sasa Isaya 14. Kanisani kwetu nyota ya alfajiri alikuwa Shetani, basi. Simlaumu aliyenifundisha hivyo, maana fundisho lenyewe ni la zamani. Origen wa Aleksandria, mwalimu wa kanisa la kale, alilifundisha katika karne ya 3, na neno lucifer, ambalo Jerome alilitumia katika tafsiri yake ya Kilatini kwa maana ya nyota ya asubuhi, baadaye likageuka kuwa jina la mtu. Lakini mstari wa 4 unasema waziwazi wimbo unaimbwa juu ya nani: mfalme wa Babeli. Na hasara tuliyoipata inaniuma. Tulipompa Shetani sura nzima, wafalme wakaponyoka. Aliyetikisa dunia, aliyeufanya ulimwengu jangwa, asiyewafungua wafungwa wake warudi makwao, ni mwanadamu. Ndivyo wafu wanavyoulizana wanapomwangalia: je, huyu ndiye yule mtu?

Usome wimbo huo tangu mwanzo, usiurukie mstari wa 12. Wanaotajwa kwa jina kushangilia kifo cha mfalme si mataifa wala wafungwa. Ni miti. Misunobari na mierezi ya Lebanoni inasema: tangu ulipolala wewe, hakuna mkata miti aliyepanda kuja kwetu. Kisha nabii anatushusha Kuzimu. Wafalme waliotangulia kufa wanainuka kwenye viti vyao kumpokea mgeni, si kwa heshima bali kwa mshangao: hata wewe umekuwa dhaifu kama sisi? Kitanda kimetandikwa. Godoro ni funza, blanketi ni vidudu. Baada ya hapo ndipo inakuja ile nyota, na maneno aliyokuwa akijiambia moyoni: nitapanda, nitakiinua kiti changu juu ya nyota za Mungu, nitaketi juu ya mlima wa mkutano katika pande za mwisho za kaskazini.

Mlima huo haukubuniwa na Isaya. Kaskazini, kwa Kiebrania Tsafon, ni jina la mlima halisi, leo Jebel Aqra, mpakani mwa Syria na Uturuki, ambao Wakanaani waliamini ndiko anakokaa mungu wao Baali. Katika vigae vya udongo vilivyofukuliwa Ras Shamra, pwani ya Syria, kuanzia mwaka 1929 kuna hadithi ya Attar, mungu aliyeketishwa kwenye kiti cha Baali akaonekana mdogo: miguu yake haikufika kwenye kibao cha kuegeshea miguu, kichwa chake hakikufika juu ya kiti. Akashuka. Mimi ninamwona yule mungu mdogo akining'iniza miguu kila nisomapo Isaya 14. Na nyota ya alfajiri ndivyo ilivyo angani: inapanda ikiwa angavu kuliko nyota zote, na jua likichomoza haionekani tena.

Narudi kwenye miti, maana hapo ndipo nilipoanza kuelewa kazi ya manabii. Kwa nini mierezi ishangilie? Kwa sababu wafalme wa Mesopotamia walijisifu kwa kuikata. Nchi yao ya mito na udongo haikuwa na mbao ndefu za kuezekea majumba na mahekalu, kwa hiyo kupanda Lebanoni na kurudi na magogo ya mierezi lilikuwa tendo la kuandikwa kwenye mawe, kizazi baada ya kizazi. Isaya 37 inamnukuu mfalme Senakeribu wa Ashuru akisema kwa kinywa chake: kwa magari yangu mengi nimepanda vilele vya milima, nimeikata mierezi yake mirefu. Nebukadreza wa Babeli alifanya hivyo pia, na akaacha ushahidi hukohuko Lebanoni, katika bonde la Wadi Brisa: maandishi marefu yaliyochongwa kwenye mwamba pande mbili za njia, na picha mbili. Upande mmoja mfalme amesimama mbele ya mti. Upande wa pili mfalme anapambana na simba.

Mti na simba. Hakuna nabii aliyehitaji kutafuta taswira mbali. Wakubwa walikuwa wamekwisha kujichora wenyewe, na manabii waliwarudishia picha zao. Ezekieli, mateka kando ya mto Kebari, anaambiwa amwulize Farao: unafanana na nani kwa ukuu wako? Kisha anamsimulia Ashuru kama mwerezi wa Lebanoni (sura ya 31), matawi mazuri, kivuli cha msitu, kilele mawinguni, maji ya vilindini yakiulisha. Ndege wote wa angani walijenga viota matawini mwake. Wanyama walizaa chini yake. Mataifa makuu yalikaa kivulini mwake. Hakuna chuki katika aya hizo. Ezekieli anausifu mti huo hadi miti ya Edeni inauonea wivu. Halafu wageni wanaukata na kuuacha. Matawi yamevunjika mabondeni, na ndege wanatua juu ya gogo lililolala.

Niliposoma mstari huo kwa Kiebrania kwa mara ya kwanza nilifunga kitabu. Nilikuwa nimewaona ndege hao.

Isaya 10:15 ulikuwa mstari wa baba. Kijana wa kujifunza kazi akianza kujigamba karakanani kwa sababu ameshika randa mpya, baba alimwuliza bila kuinua macho: shoka hujisifu mbele ya anayelishika? Msumeno hujikweza juu ya anayeuvuta? Vijana walicheka, lakini Isaya alikuwa akisema na jeshi lililokuwa limekwisha kumeza Damasko na Samaria. Kwake Ashuru ni chombo cha kazi. Ni fimbo mkononi mwa mwenye hasira. Katika sura ya 7 ni wembe uliokodiwa kutoka ng'ambo ya Mto, wa kunyoa kichwa, nywele za miguuni na ndevu. Dola lililotetemesha dunia nzima ni wembe wa kukodi! Na mstari ule wa shoka unamalizikia pagumu: kana kwamba fimbo ingemwinua yeye asiye mti. Dola likatalo mierezi lilikuwa mti tangu mwanzo, na mwisho wa sura msitu wake unaangushwa kwa chuma. (Mgawanyo wa sura unatuficha jambo hapa. Mstari unaofuata mara moja ni ule wa chipukizi katika shina la Yese, baba wa Daudi. Shina, maana yake hata nyumba ya Daudi ilipitiwa na shoka.)

Miaka sita iliyopita kazi ilinipeleka London kwa wiki mbili, na siku ya Jumamosi nikaenda British Museum. Nilikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda. Mabamba ya Lakishi yalitoka kwenye jumba la Senakeribu huko Ninawi, yakafukuliwa na Austen Henry Layard katika miaka ya 1840, na yanaonyesha mji wa Yuda uliotekwa mwaka 701 KK. Yamepangwa kuzunguka kuta za chumba, nawe unasimama katikati kama mgeni aliyeitwa kumwogopa mfalme. Hivyo ndivyo yalivyokusudiwa. Askari wa Ashuru wanapanda maboma ya udongo; waliozingirwa wanatupa mienge ya moto, na askari mmoja anamwagia maji mtambo wa vita kwa upawa mrefu ili usiungue. Upawa! Watu watatu wametundikwa kwenye miti iliyochongoka. Lango linatema watu: wanaume na mizigo begani, mkokoteni wa ng'ombe, juu yake wanawake na watoto wameketi juu ya vifurushi. Nilisimama mbele ya mkokoteni huo muda mrefu. Mbele kabisa, Senakeribu ameketi kwenye kiti cha enzi, na maandishi yanasema kwamba yeye, mfalme wa ulimwengu, aliketi na nyara za Lakishi zikapita mbele yake.

Uso wake haupo. Mtu fulani, zamani hizohizo, aliupiga kwa chuma hadi ukafutika.

Hatua chache kutoka hapo wako simba wa Ashurbanipali, mfalme mwingine wa Ashuru. Wanafunguliwa kwenye vizimba, mfalme anawapiga mishale akiwa kwenye gari lake. Mmoja amekaa chini akitapika damu. Jike mmoja, mishale mgongoni, anaburuta miguu ya nyuma iliyokufa na bado anaunguruma. Wafalme wa Ashuru walijiita simba na wakajichora kama wauaji wa simba. Basi msikie Nahumu: liko wapi pango la simba? Yuko wapi simba aliyerarua vya kutosha watoto wake, akanyonga kwa ajili ya majike yake, akajaza mashimo yake mawindo? Upanga utawameza wana simba wako. Mji aliouimba, Ninawi, ulianguka mwaka 612 KK mbele ya Wababeli na Wamedi. Mwaka 401 KK Xenophon, Mgiriki aliyekuwa akirudi kutoka vitani, alipita kando ya kuta zake kubwa, akaambiwa kwamba palikuwa mji wa Wamedi. Hakuna aliyemtajia Ninawi. Sefania alikuwa amesema bundi na nungunungu watalala juu ya vichwa vya nguzo zake, na sauti itaimba madirishani. Aliyewahi kusoma Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, Pate imekwisha, vidaka vya ukutani vilivyopambwa kwa sahani vimekuwa viota vya ndege, hahitaji kuelezwa uzito wa taswira hiyo.

Lakini siwezi kusoma Nahumu yote kwa moyo mweupe. Sura ya 3 inaugeuza mji kuwa mwanamke, kisha inamvua nguo hadharani na kumtupia uchafu. Wanasema ndiyo lugha ya vita ya wakati ule, najua. Najua pia nani walikuwa juu ya ule mkokoteni wa Lakishi, na nini huwapata wanawake mji unapotekwa, uwe Lakishi au Ninawi. Manabii waliokota silaha za wakubwa ili kuwageuzia wenyewe, na nyingine zilikuwa za kuachwa chini. Na ninashukuru kwamba Biblia haikumwacha Nahumu peke yake. Kitabu chake kinaishia na swali: ni nani ambaye uovu wako haukumpitia daima? Yona naye anaishia na swali juu ya mji uleule: mimi nisiuhurumie Ninawi, wenye watu zaidi ya 120,000 wasioweza kupambanua mkono wa kuume na wa kushoto, na wanyama wengi pia? Mji mmoja, maswali mawili, na hakuna aliyepewa jibu.

Wimbo ninaoupenda kuliko yote ni Ezekieli 27, juu ya Tiro, na mtu wa mwambao ataupenda kuliko mimi. Tiro ilikuwa mji wa kisiwani, mji wa bandari na biashara, na Ezekieli anaiimba kama jahazi. Anaanza kulijenga mbele ya macho yetu, kipande kwa kipande, kama fundi: mbao za Seniri, mlingoti wa mwerezi wa Lebanoni, makasia ya mialoni ya Bashani, tanga la kitani cha Misri kilichotariziwa, vitambaa vya zambarau vya kivuli. Wapiga makasia wa Sidoni na Arvadi. Wazee wa Gebali wametia kalafati. Halafu shehena, mistari na mistari ya shehena: fedha, chuma, bati na risasi za Tarshishi, pembe za ndovu na mpingo, ngano, asali, mafuta, divai, sufu nyeupe, viungo, dhahabu. Na katikati ya orodha, bila kuinua sauti, wanadamu: Yavani, Tubali na Mesheki walileta watu na vyombo vya shaba. Inasomwa kama hati ya forodha, na katika pwani yetu hati za namna hiyo ziliwahi kuandikwa. Kisha upepo wa mashariki unalivunja jahazi katikati ya bahari. Kila kilichohesabiwa kinazama, na mabaharia wote wa dunia wanashuka pwani, wanajitia mavumbi kichwani, wanaimba qina: ni mji gani uliokuwa kama Tiro?

Haikutokea hivyo, na Ezekieli hakulificha hilo. Nebukadreza aliuzingira mji huo miaka 13 na ukaisha kwa maafikiano, kisiwa hakikuvunjwa. Katika sura ya 29 nabii mwenyewe anakiri kwamba jeshi lilifanya kazi ngumu, kila kichwa kikatoka upara na kila bega likachubuka, na ujira wa Tiro halikuupata. Aliyekuja kuubomoa mji wa kisiwani ni Aleksanda Mkuu, mwaka 332 KK, baada ya kujaza bahari mawe na mbao hadi akafika kwa miguu. Babeli nayo: Yeremia 50 na 51 zimejaa moto na mishale, lakini mwaka 539 KK jeshi la Koreshi, mfalme wa Uajemi, liliingia mjini bila vita. Wapo wanaohangaika kulainisha tofauti hizo. Mimi sihangaiki. Mwombolezaji hatangazi ratiba ya mazishi. Anasema marehemu alikuwa nani, na alifanya nini kwa watu.

Kuna joka, kuna ndoano. Farao anaitwa joka kubwa lilalalo katikati ya mito yake, lisemalo mto huu ni wangu, nimeufanya mimi; naye Bwana anatia ndoano tayani mwake. Ashuru anaambiwa kulabu itatiwa puani mwake. Katika nguzo ya jiwe iliyofukuliwa Zincirli, kusini mwa Uturuki, mwaka 1888, mfalme Esarhadoni wa Ashuru anaonekana mrefu kama mlima, mkononi ameshika kamba, na kamba zimepita kwenye midomo ya mateka wawili wanaomfika magotini. Ndoano ilikuwa yake kabla haijawa ya nabii.

Na kikombe. Yeremia 25: kikombe cha divai ya ghadhabu kinazungushwa kwa mataifa yote, wanakunywa, wanapepesuka, wanatapika. Orodha ni ndefu, Misri, Usi, Gaza, Edomu, Moabu, Tiro, Sidoni, na anayekunywa mwisho ni mfalme wa Sheshaki. Hakuna nchi ya Sheshaki. Ni Babeli iliyoandikwa kwa mafumbo: herufi ya kwanza ya alfabeti inabadilishana na ya mwisho, ya pili na ya pili kutoka mwisho, hivyo B-B-L inakuwa Sh-Sh-K. Ndivyo mtu mdogo anavyolitaja dola likiwa bado hai. Lakini kabla ya kufika huko chini, angalia jina linaloongoza orodha, mstari wa 18. Yerusalemu. Miji ya Yuda, wafalme wake na wakuu wake. Nyumba ya nabii ndiyo inayoanza kunywa.

Amosi alifanya vivyo hivyo, kwa ujanja zaidi. Damasko, Gaza, Tiro, Edomu, Amoni, Moabu, majirani wote wanahukumiwa na ninawaona wasikilizaji wake wakipiga makofi, hata Yuda inapofikiwa. Kisha: kwa makosa matatu ya Israeli, naam, kwa manne. Wamemwuza maskini kwa jozi ya viatu.

Nimesoma hukumu hizi zote kwa miaka sasa, na mahali ninaporudi ni pale ambapo nabii anashindwa kushangilia. Moabu alikuwa adui wa jadi. Isaya 16 inatangaza anguko lake, na katikati ya tangazo matumbo ya msemaji yanalia kama kinubi kwa ajili ya Moabu. Yeremia 48 inasema moyo wangu unalia kwa ajili ya Moabu kama filimbi, na pale si rahisi kupambanua kama anayelia ni nabii au ni Mungu mwenyewe. Filimbi za mazishi, hizo.

Asubuhi iliyofuata ile jioni ya Isaya 14, kaka wa marehemu alikuja karakanani. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema hawana kitu kwa sasa. Baba akamwuliza urefu tu. Mfalme wa Babeli katika ule wimbo ananyimwa kaburi, anatupwa kama tawi la kuchukiza. Mstari huo jana yake niliusoma kwa nguvu zaidi. Baba aliniita nishike upande wa pili wa ubao wakati akipiga randa. Mninga ulikuwepo, umeagizwa na mtu mwingine, kwa hiyo akatumia msonobari. Maranda yalikuwa meupe, yakanirukia miguuni. Yule mzee alikuwa mrefu sana. Ubao haukutosha, na baba akaunga.